Grenda Inapolalamika: Dalili, Sababu na la Kufanya

Mwanagenzi mmoja alinijia na diski ya kukatia ya grenda, ile mashine ya mkono ya kukatia na kusagia chuma, diski iliyolika hadi ikabaki upana wa sahani ndogo. "Fundi, hii bado ina nyama," akasema. "Kwenye grenda kubwa haifiki tena kwenye chuma, lakini kwenye hii ndogo inakaa vizuri kabisa."

Kukaa, inakaa. Tundu la diski ya milimita 230 na tundu la diski ya milimita 115 ni lile lile, milimita 22.23, na hapo ndipo mtego ulipo. Diski aliyoishika ilikuwa imeandikwa 6,600, yaani mizunguko 6,600 kwa dakika basi. Grenda ndogo iliyokuwa mezani huzunguka 11,000. Na ili diski ienee, alikuwa ameshaivua kinga inayoizunguka diski na kuiweka juu ya kabati.

Hakuwa mzembe. Alikuwa amehudhuria mafunzo, ametia sahihi, na miwani alikuwa ameivaa. Kosa lake lilitokea kabla hajagusa swichi, na ndivyo yalivyo makosa mengi ya kazi hii: yanazaliwa stoo, kwenye rafu, au wakati wa kukaza nati, kisha yanajionyesha diski ikiwa inazunguka. Kwa hiyo hapa nitaanza na kile unachokiona, unachokisikia au unachokihisi mkononi, halafu turudi nyuma kutafuta kilikoanzia.

Jambo moja linatangulia yote. Dalili iwe yoyote, zima, ishike mashine mpaka diski isimame kabisa, chomoa plagi au toa betri, ndipo uchunguze. Diski huendelea kuzunguka sekunde kadhaa baada ya swichi kuachiwa, na mapaja mengi yamechanwa katika sekunde hizo, grenda ikishushwa ubavuni huku mtu anatazama kwingine.

Grenda inatetemeka kuliko kawaida

Mtetemo una chanzo mahali pawili tu: kwenye mashine, au kwenye diski na namna ilivyofungwa. Usikisie, vitenganishe. Toa diski, toa na nati na flanji, zile sahani za chuma zinazoibana diski, ili zisiruke, kisha washa mashine tupu kwa sekunde chache. Ikiendelea kutetemeka, ugonjwa uko ndani: beringi imekufa, shafti imepinda baada ya kuangushwa, au gia zimekwisha. Hiyo ni ya kupelekwa kwa fundi wa mashine, na iwekwe alama ili mwingine asiichukue dakika tano baadaye.

Ikitulia bila diski, angalia sehemu za kufungia. Futa flanji ya ndani na uipitishe kidole. Punje moja ya vumbi la chuma iliyoganda pale inatosha kuinamisha diski, na kinachoonekana si kitu pale katikati huwa kuyumba kukubwa kwenye ukingo. Hakikisha tundu la diski limekalia lile bega la flanji badala ya kuning'inia pembeni yake. Tazama pia nati ya nje. Kwenye grenda nyingi nati hiyo ina nyuso mbili, mmoja una bega na mwingine uko bapa. Diski nene ya kusagia hufungwa bega likielekea diski, na diski nyembamba ya kukatia hufungwa upande bapa ukielekea diski. Ukiigeuza vibaya na diski nyembamba, bega linafika mwisho kabla diski haijabanwa, nayo inabaki inacheza.

Hapo bado inatetemeka? Funga diski mpya. Ikitulia, ile ya kwanza haikuwa sawa: imelika upande, imepinda rafuni, au imelowa. Ivunje kabisa kabla ya kuitupa. Nasisitiza kuvunja, kwa sababu diski nzima iliyotupwa kwenye pipa huokotwa na mtu anayedhani amepata bahati.

Diski inapasuka

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa dalili hii haimpi mtu nafasi ya pili, na sababu zake zinajulikana vizuri.

Ya kwanza ni mwendo. Diski za kawaida za grenda ya mkono zimetengenezwa kuhimili mwendo wa mita 80 kwa sekunde kwenye ukingo, sawa na kilomita 288 kwa saa. Ndiyo maana diski ya milimita 115 huandikwa mizunguko kama 13,300, ya 125 kama 12,200, ya 180 kama 8,500, na ya 230 kama 6,600. Namba zinashuka kadiri diski inavyopanuka, lakini mwendo wa ukingo ni ule ule. Diski nyingi pia zina mstari wa rangi: bluu ni mita 50 kwa sekunde, njano 63, nyekundu 80, kijani 100.

Sasa mrudie yule mwanagenzi. Diski yake ilikuwa imelika hadi milimita 180 hivi. Kwenye mizunguko 11,000, ukingo wake ungekwenda mita 104 hivi kwa sekunde, wakati ruhusa yake ni 80. Nguvu inayoivuta diski itawanyike haipandi sambamba na mwendo, inapanda kwa mraba wake. Kipande kile kile, kwa kuhamishwa kutoka mashine ya 6,600 kwenda ya 11,000, kinavutwa kwa nguvu inayokaribia mara 2.8. Na kinga iko juu ya kabati. Fundi akiniuliza kwa nini hatutumii mabaki, humpa hesabu hiyo kwenye kipande cha karatasi aifanye mwenyewe. Inamkaa kichwani kuliko bango la ukutani.

Kanuni yenyewe ni fupi: namba ya diski iwe sawa au kubwa kuliko namba ya mashine. Na kinga ikikataa kuenea, diski hiyo si ya mashine hiyo.

Sababu ya pili ni kuisukuma diski ubavuni. Diski ya kukatia ya milimita moja au moja na nusu ina nguvu ikielekea mbele, ubavuni ni dhaifu kama kaki. Mtu amemaliza kukata, anaona kuna kibanzi kimebaki, anailaza diski hiyo hiyo asugue kidogo. Kwa macho haikufanyika kitu. Ndani, nyuzi za wavu unaoishikilia zimeanza kukatika, na itapasuka saa ya mkato unaofuata, pengine mikononi mwa mtu wa zamu nyingine. Kusugua kuna diski yake, nene ya milimita sita hivi, nayo hulazwa kwa nyuzi kama 15 hadi 30 juu ya chuma. Kubadilisha diski huchukua dakika mbili. Najua, ukiwa na vipande arobaini dakika hizo mbili zinaudhi. Basi kata vyote kwanza, kisha funga ya kusugua usafishe vyote.

Sababu ya tatu ni umri na unyevu. Diski za grenda hushikamanishwa kwa gundi ya resini, na resini huchoka. Angalia pete ndogo ya chuma katikati ya diski. Wengi huidhani ni ya kukazia tu, kumbe mara nyingi pana tarehe pale, kwa mfano V 07/2026, yaani mwisho wake ni Julai 2026. Kiwango cha Ulaya huzipa diski za resini miaka mitatu tangu kutengenezwa. Diski iliyokaa kwenye sakafu yenye maji, au kwenye sanduku la gari lililopigwa jua na mvua, inaweza kuisha kabla ya tarehe hiyo. Zihifadhi zikiwa zimelala bapa mahali pakavu, za zamani juu ili zitangulie kutumika. Diski zikirundikwa juu ya mashine au kuning'inizwa kwenye msumari, zile nyembamba hupinda.

Ya nne ni kuangushwa. Grenda ikianguka na diski yake, diski hiyo imekwisha. Hata usipouona ufa.

Na ya tano ni kukata kitu kisicho chake. Alumini na shaba nyeupe ni laini, huyeyuka na kuziba punje za diski ya chuma. Mkataji anaona diski haili, anakandamiza, joto linapanda, diski inavimba upande mmoja, inapasuka. Soma lebo: A ni oksidi ya alumini, ya kukatia vyuma, C ni kabidi ya silikoni, ya mawe na zege, Z ni zirkonia, ya kusugua kwa nguvu. Namba inayofuata ni ukubwa wa punje, ndogo ikiwa na punje kubwa. Herufi baada yake ni ugumu wa mshikamano, A laini kabisa na Z gumu kabisa. BF mwishoni ni resini yenye wavu wa kuitia nguvu. Diski ya grenda ya mkono isiyo na wavu huo haifai kukatia. Ukijua kusoma A 46 S BF, umeshamaliza nusu ya mafunzo.

Diski inabanwa na mashine inaruka

Mafundi hulaumu mashine hapa, "ina nguvu sana hii". Kinachorusha grenda ni mkato kufunga juu ya diski. Diski inakwama ghafla, mota haijakata tamaa, basi kinachobaki kuzunguka ni mashine yenyewe, kuelekea usoni au kwenye paja.

Tazama kipande kilivyoshikiliwa. Chukua bomba refu, liweke juu ya stendi mbili, likate katikati. Diski inapozama, bomba linalegea kwa uzito wake na kushuka katikati. Midomo ya mkato juu inakaribiana na kuibana diski kama koleo. Sasa lisogeze ili mahali pa kukata papite nje ya stendi, kipande cha kuondoka kikining'inia. Linapolegea, mkato unafunguka. Ni bomba lile lile, diski ile ile, mkono ule ule. Kipande kifupi kibanwe kwenye jiliwa au kwa klempu. Kukikanyaga kwa buti si kukibana, ni kuweka mguu pale diski itakapopita.

Kama kipande kiko sawa na bado inaruka, tafuta haya: umepinda mkono katikati ya mkato, unakata kwa ukingo wa juu wa diski, au umewasha mashine ilhali diski imeshazama ndani ya mkato. Kosa la mwisho ni la kawaida sana baada ya kusimama kupumzika. Toa diski nje, washa, subiri ifikie mwendo wake, ndipo uirudishe taratibu.

Simama pembeni ya mstari wa diski, si nyuma yake. Mpini wa pembeni uwepo na mkono wa pili uwe juu yake. Ule mpini huondolewa "kwa sababu nafasi ni finyu", kisha hausikiki tena maisha yake yote. Nafasi ikiwa finyu kiasi hicho, kazi ile inataka msumeno, si grenda.

Chuma kinageuka bluu, diski inalia

Joto. Diski haikati, inasugua. Mara nyingi ni mkandamizo: mtu ameegemeza kifua. Diski kali hukata kwa uzito wa mashine yenyewe ukiongeza kidogo tu. Ipeleke mbele na nyuma kwenye mstari wa mkato badala ya kuizamisha mahali pamoja, ipate hewa.

Au umeweka chuma vibaya. Chuma cha pembe ukikikata kwa kulaza upande mpana dhidi ya diski, punje nyingi zinagusa chuma kwa wakati mmoja na hakuna inayouma. Kigeuze diski ikutane na ukingo mwembamba.

Ikiwa hayo yote ni sawa, diski ni ngumu mno kwa chuma hicho. Inashangaza wanaoanza, lakini chuma kigumu hutaka diski ya mshikamano laini, ili punje zilizochoka zidondoke na mpya zitokeze. Chuma laini hutaka diski ngumu.

Kwa chuma kisichoshika kutu, tumia diski iliyoandikwa inox, isiyo na chuma, salfa wala klorini kwa kiasi cha kudhuru, na usiitumie kwingine. Diski iliyotoka kukata nondo huacha chembe, na baada ya wiki mkato wako unaota madoa ya kutu mteja akiwa amekwisha kulipa au, mbaya zaidi, hajalipa.

Diski inaisha upesi mno

Hii ni kinyume cha hapo juu: diski laini mno, mashine ya mwendo mdogo kuliko diski inavyotaka, au mkono unaotikisika. Angalia pia waya wa kurefushia umeme. Waya mwembamba na mrefu hupunguza nguvu, mota inalemewa, mwendo unashuka kila ukigusa chuma, diski inang'olewa punje.

Jiwe la grenda ya meza: linang'aa, limeziba, limechimbika

Jiwe likimeta kama kioo, punje zimekuwa butu na hazidondoki. Ama umelikandamizia chuma kigumu, ama jiwe ni gumu mno. Likiwa na madoa ya metali yaliyojaza vishimo, kuna mtu amenolea alumini au shaba. Likiwa na mtaro katikati, watu wote wananoa mahali pamoja. Tiba ya yote matatu ni kulichonga upya kwa kifaa cha kuchongea chenye magurudumu ya meno au chenye ncha ya almasi, miwani na ngao ya uso vikiwa usoni, kwa sababu vumbi lake ni kali. Kuliparua jiwe kwa bisibisi la zamani hakulichongi.

Kadiri jiwe linavyolika ndivyo linavyokuwa kama laini, hata kama ni lile lile. Jiwe la milimita 200 kwenye mota ya mizunguko 2,850 hupita kwa mita 30 kwa sekunde hivi. Likifika milimita 150 ni 22 tu. Fundi anaona "mawe ya siku hizi ni mabovu", na pengine jiwe ni zima.

Kipande kikivutwa ndani kati ya jiwe na kiegemeo, pale unapokiegemeza ukinoa, nafasi imezidi. Kanuni za OSHA, shirika la usalama kazini la Marekani, zinataka kiegemeo kiwe umbali usiozidi milimita 3 hivi kutoka kwenye jiwe, na ulimi wa kinga ya juu usiozidi milimita 6 hivi. Jiwe linalika, kwa hiyo nafasi hizo zinakua zenyewe bila mtu kugusa kitu. Zirekebishe jiwe likiwa limesimama. Na glovu za kitambaa ziwekwe kando: kwenye mashine hii zinavuta vidole.

Usinoe ubavuni mwa jiwe bapa. Kama mashine hutumia maji ya kupoza, funga maji kwanza, acha jiwe lizunguke lijikamue, ndipo uzime. Jiwe lililolala na maji chini huamka asubuhi likiwa zito upande mmoja, na mtetemo utakaouona hauna uhusiano na beringi.

Kabla ya kufunga jiwe jipya, lisikilize. Jiwe la aina hii hushikamanishwa kwa udongo uliochomwa kama chungu, nalo hufanyiwa mtihani ule ule tunaoufanyia chungu sokoni. Liwe kavu na lisiwe na vumbi. Lipitishe kidole tundu likining'inie, au kama ni zito lisimamishe kwenye sakafu safi. Kwa mpini wa mbao wa bisibisi, ligonge kidogo kwenye nyuzi 45 upande huu na upande ule wa mstari wa wima, sentimita 2.5 hadi 5 kutoka ukingoni. Lizungushe nyuzi 45, ugonge tena. Jiwe zima hulia kengele. Lenye ufa hutoa sauti iliyokufa, ndu, kama chungu kilichopasuka. Diski za resini hazilii hivyo, usizipime kwa njia hii.

Ukilifunga, acha zile karatasi zilizobandikwa ubavuni. Kazi yake ni kusambaza mbano wa flanji, si urembo. Flanji ziwe za kipenyo kimoja, kisichopungua theluthi ya kipenyo cha jiwe. Kisha kinga irudi mahali pake, simama kando, liache lizunguke tupu dakika nzima. Jiwe lenye kasoro mara nyingi hujitoa mhanga katika dakika hiyo.

Nati imegoma kufunguka

Umebanwa na diski ukiwa kazini, mzunguko umeikaza. Tumia spana yake ya meno mawili, huku kitufe cha kufungia shafti kimebonyezwa na plagi imechomolewa. Patasi na nyundo huharibu nati, na nati iliyokatika meno ndiyo itakayofunga diski yako kesho. Kitufe hicho kisiguswe shafti ikiwa bado inazunguka.

Harufu ya kuungua, cheche ndani ya mashine

Cheche kubwa zinazoonekana kwenye matundu ya hewa ni kaboni zilizokwisha, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye mota, au amecha, sehemu ya mota inayozunguka, inayoelekea kufa. Kaboni hubadilishwa zote mbili pamoja. Swichi inayobaki imewashwa ukiiachia haivumiliwi hata kwa kazi moja ya mwisho. Nimeona swichi iliyofungwa kwa gundi ya karatasi ili "isichoshe kidole". Siku grenda hiyo ikiponyoka mkononi haitazimika, itakimbia sakafuni mpaka iupate waya wake au mguu wa mtu.

Mwili wenyewe unalalamika

Vidole vinakufa ganzi, au vinageuka vyeupe baridi ikiingia: ni mtetemo, na mishipa ikishaharibika hairudi. Kanuni za Ulaya na Uingereza zinataka hatua zichukuliwe mtetemo wa siku ukifika mita 2.5 kwa sekunde ya mraba, kwa wastani wa saa nane, na zinakataza kupita 5. Kwa mashine inayotoa 5, kiwango cha kwanza unakifikia kwa saa mbili tu za kushika swichi. Ya 7, saa moja hivi. Zungusheni watu, tengenezeni mashine zinazotetemeka, shika kwa nguvu inayotosha tu.

Masikio yakivuma jioni, yameshaumia. Vaa kinga za masikio kabla, kwa sababu grenda huvuka desibeli 85 bila shida.

Kikohozi kwa wakata zege, mawe na vigae ni jambo zito zaidi. Vumbi lile lina silika, na silikosisi haina dawa ya kuirudisha nyuma. OSHA imeweka kikomo cha mikrogramu 50 katika mita moja ya ujazo ya hewa kwa wastani wa saa nane. Ni vumbi dogo kiasi kwamba usiloliona ndilo unalolivuta. Kinachofaa ni kinga yenye bomba la kufyonza vumbi, au mashine iliyotengenezwa kukata na maji, pamoja na kinga ya pumzi inayobana uso. Usimwagie maji grenda ya kawaida ya umeme. Kitambaa mdomoni ni faraja tu.

Macho: miwani yenye alama F imepimwa kwa mwendo wa mita 45 kwa sekunde, yenye B kwa mita 120. Kipande cha diski kinaondoka na 80. Ndiyo sababu ngao ya uso yenye B huvaliwa juu ya miwani, lakini ngao peke yake haitoshi, kwa kuwa cheche hupenya chini ya kidevu.

Moto unatokea baada ya watu kuondoka

Cheche ilijificha kwenye pamba ya kufutia mafuta, kwenye maranda, au nyuma ya boksi. Ondoa vinavyoshika moto kabla, weka kizima moto karibu, na mtu abaki akizunguka eneo nusu saa hadi saa nzima baada ya mkato wa mwisho. Pipa "tupu" lililowahi kubeba petroli, tina ya kuyeyushia rangi au mafuta lisikatwe kwa grenda. Mvuke uliobaki ndani ndio unaolipuka, na pipa tupu ni hatari kuliko lililojaa.

Wote wana vyeti, lakini kinga ziko juu ya kabati

Dalili hii mkufunzi huletewa na meneja, na huletwa kama tatizo la nidhamu. Mimi huomba kwanza kuona stoo. Mara nyingi sababu iko pale: zimenunuliwa diski za 125 na grenda ni za 115. Au kinga hugeuzwa kwa spana iliyopotea mwaka jana, kwa hiyo mtu anayetaka kubadili pembe ya kukata hana njia ila kuivua. Au diski hutolewa moja kwa wiki, nawe ukamwambia fundi atupe iliyoanguka. Huko si kukosa elimu; warudishe darasani mara kumi, Jumatatu kinga zitakuwa kabatini.

Kama stoo iko sawa, basi kosa ni la darasa: watu walitazama video, wakajibu maswali ya ndiyo na hapana, wakapiga picha na cheti. Hakuna aliyefunga diski mbele ya anayejua.

Siku hizi nafunga mafunzo kwa meza moja. Naweka grenda mbili, ya 115 na ya 230, spana yake, na diski kumi: moja imepita tarehe, moja ina ufa wa unywele, moja ya mawe, moja iliyolowa, moja nene, lile baki la mwanagenzi wetu, na nyingine nzima. Namwambia kila mtu, "Funga unayoona inafaa kukata bomba hili la chuma." Halafu nanyamaza. Anayechukua ya juu na kuanza kukaza, narudi naye. Anayeigeuza kwanza, akasogelea mwanga, akasoma ile pete ya katikati, kisha akasoma kibati cha mashine, huyo nampa plagi.